Saa Nne na Dakika Arobaini na Tisa

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa njia ya angani ni maili mia tano na thelathini. Nilizipima mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilipata mia tano ishirini na tatu, mara ya pili mia tano thelathini na nane, na kwa kuwa mimi ni mtu asiyeweza kulala penye tofauti ya maili kumi na tano, niliendelea kupima mpaka majibu yalipoacha kucheza. Ndege ambayo ingemchukua dada yangu ilikwenda maili mia moja na kumi kwa saa, kwa maneno ya dereva wa lori la boma. Nikagawanya. Saa nne na dakika arobaini na tisa.

Nimejaribu kuyaandika haya mara tatu, na mara zote tatu nilijikuta najitetea tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Basi leo najitetea mara moja tu, nimalize: kugawanya kwangu hakukuwa na kosa.

Sikusoma shule. Herufi nilifundishwa na katekista wa kwetu, huku milimani Ngara, katika kitabu cha sala. Tarakimu nilijifunzia barabarani. Serikali ilikuwa inapima upya njia ya Biharamulo hadi Ngara, nami niliajiriwa kuvuta mnyororo. Mnyororo wa kupimia una pingili mia moja, na minyororo themanini ni maili moja. Wenzangu walihesabu kwa mdomo huku wakipiga hadithi. Mimi nilifunga fundo kwenye kamba kwa kila mnyororo, na jioni nikayahesabu mafundo, kisha nikayahesabu tena kuanzia upande wa pili. Siku moja tulipokwisha kupita Nyakahura nilishikwa na wazo kwamba mnyororo ulikuwa umepinda kwenye kisiki fulani tulichokiacha nyuma. Nikarudi peke yangu, nusu siku nzima, nikapima. Haukuwa umepinda. Nyapara aliponiona narejea alisema, "Barabara haina miguu, wewe. Hata kesho ungeikuta pale pale." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini usiku ule nililala vizuri.

Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa yaya Biharamulo, katika nyumba ya bwana mmoja wa boma. Alimlea mtoto wao tangu ana wiki tatu. Mtoto akawa mgonjwa mgonjwa, hanenepi, na memsahibu akaamua kumrudisha kwao Ulaya. Wangepanda ndege Mwanza mpaka Dar es Salaam, huko wangengoja meli, na kwa kuwa mtoto hakukubali mikono mingine, yaya angekwenda nao hadi melini. Kisha angerudishwa nyumbani kwa treni na stima. Dada alinieleza haya nilipopita Biharamulo kuchukua posho ya kambi. Alisema kama mtu anayeeleza jambo la jirani.

"Utapanda angani wewe?" nikamwuliza.

"Atapanda mtoto. Mimi nitakuwa nimembeba."

"Huogopi?"

"Naogopa kutapika mbele ya memsahibu."

Nilitoka pale moja kwa moja nikaenda dukani kwa mzee mmoja wa mjini, mtu ambaye baba yake alitoka pwani na misafara ya zamani akabaki Biharamulo. Ukutani mwake kulikuwa na kalenda iliyokwisha miaka, mwezi haukubaki hata mmoja, ila chini yake ilikuwa imechorwa ramani ya Tanganyika nzima pamoja na kipimo cha maili. Nilikuwa naitamani siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unanunua au unatazama?"

"Natazama, mzee. Naomba na uzi kwa fundi."

Fundi cherehani pale barazani alinikatia uzi. Niliupaka nta ya mshumaa usivutike, nikaulaza kutoka nukta ya Mwanza hadi nukta ya Dar es Salaam, nikaupeleka kwenye kipimo, nikarudia. Mzee aliuza chumvi, akauza sabuni, akauza taa, mimi bado niko ukutani. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hata watu wa treni hawapimi hivyo. Wao huuliza tu, tutakunywa chai wapi?" Watu wakacheka. Nikaandika jibu langu kwenye kiganja.

Sasa inanibidi nieleze desturi ya kwetu. Mtu wa nyumba akisafiri, anayebaki hafagii taka akazitupa nje. Anafagia, maana nyumba ni ya kukaa watu, lakini taka anazikusanya nyuma ya mlango, zinakaa pale mpaka msafiri awe amefika aendako. Ukizitupa bado yuko njiani, umemfagia pamoja nazo. Atafika, pengine atafika salama, lakini njia ya kurudi haitamjua. Padre alikwisha tuambia ni ushirikina, na mama yangu, asiyekosa Misa hata mvua ikinyesha mawe, alimsikiliza kwa heshima na kuendelea kukusanya nyuma ya mlango.

Kwa safari za miguu hakukuwa na shida. Kila mtu alijua Biharamulo ni malalo mangapi ya njiani, Bukoba mangapi. Unahesabu malalo, unaongeza siku moja ya msafiri kupumzisha miguu, ndipo unatupa. Lakini kwa safari hii hakuna aliyejua kitu. Dada alipopewa siku mbili za kuja kutuaga, hilo ndilo lililokuwa swali la mama. Hakuuliza ndege inafananaje. Aliuliza, "Nitakaa na taka siku ngapi?"

Kambi yetu ya barabara wakati huo ilikuwa imefika saa moja tu kutoka nyumbani, nami nilikuwa nakuja kulala kwetu. Jioni ile alikuwepo mjomba pia, kaka yake mama, mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani akafika Tabora na kurudi. Yeye alijibu kabla yangu.

"Tabora hadi pwani watu walituambia mwezi na zaidi. Weka miezi miwili, dada yangu. Tafuta na mlango mkubwa."

"Mjomba, hiyo ni kwa miguu," nikasema. "Ndege inaondoka Mwanza Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Inafika Dar es Salaam saa tano na dakika kumi na tisa. Siku hiyo hiyo."

Walinitazama wote. Siwezi kudanganya, nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu Biharamulo.

"Dakika kumi na tisa," mjomba akasema. "Si ishirini?"

"Kumi na tisa."

"Na wanapumzika wapi?"

"Hawapumziki."

"Hawanywi maji?"

"Ndege haichoki, mjomba. Ni chuma."

"Lori la boma ni chuma, na kila mto linanyweshwa kama ng'ombe. Hata kunguru, na alivyo na mbawa zake, hutua kunya."

"Kunguru hunya akiruka."

"Basi hutua kula. Kwani mimi nimelala tumboni mwake?" Dada akacheka hadi akashika mbavu. Mjomba akavuta ugoro wake, akanigeukia tena, safari hii bila mzaha. "Nimetembea mpaka Tabora na mzigo kichwani. Sijaona safari isiyo na mahali pa kupumzika. Uliza tena."

Sikuuliza tena. Dereva alikuwa Biharamulo, karani wa boma alikuwa Biharamulo, na lori lingepita Jumatatu. Ningeweza hata kumwambia dada aulize na kuniletea jibu kwa turni boi, yule kijana wa mizigo wa lori. Mimi niliyerudi nusu siku kwa ajili ya kisiki sikuuliza swali moja, kwa sababu aliyelitoa hakujua kusoma.

Mama ndiye aliyetaka kupatanisha. "Basi nitangoja mpaka Jumapili," akasema. "Ijumaa ya kufika, Jumamosi ya kupumzisha miguu."

"Miguu gani, mama? Amekaa kwenye kiti."

"Hata mwenye kukaa huchoka."

"Mama, kengele ya saa sita ikilia kanisani siku ya Ijumaa, yeye amekwisha fika, amekwisha kunawa. Tena ninakuongezea dakika arobaini na moja."

Nilisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Dada akaniunga mkono, akasema, "Mama, mwache. Huyu akikuambia kumi na tisa ni kumi na tisa." Naye aliamini kweli. Hilo nalo nalikumbuka.

Jumatatu asubuhi tulimsindikiza. Kutoka kwetu hadi barabarani unashuka hadi kijito, unapanda upande wa pili, ndipo unaiona barabara. Mama alikuwa ameanika maharage uani, na tulipofika kijitoni mbingu ya upande wa Burundi ilikuwa nyeusi. Akasimama. Akamshika dada mabega, akamtemea baraka kifuani kama alivyotutemea tangu utoto, akasema, "Nenda, mvua isinilie maharage." Akageuka. Dada na mimi tukaendelea hadi barabarani, lori likaja, akapanda nyuma na kifurushi chake, akanipungia mkono mara moja kisha akashughulika kutafuta mahali pa kukaa. Mvua yenyewe haikunyesha.

Siku nne mama alikusanya taka nyuma ya mlango: maganda ya ndizi, majivu, makapi ya mtama, manyoya ya kuku tuliyemchinja kwa kuaga. Ijumaa niliomba ruhusa kwa nyapara na kuja nyumbani. Nilikuwa na saa ya mfukoni ya kambi, nimeazimwa baada ya kuapa. Tangu saa nne nilikuwa nimekaa kizingitini nikiitazama. Ilipofika saa tano na dakika kumi na tisa nikasema, "Amefika."

Mama alikuwa anachambua mtama. "Kengele bado."

"Kengele ni yako. Saa ni hii."

"Nitangoja kengele." Akachambua kidogo. "Au ningoje Jumapili. Taka hazinisumbui."

Hapo ndipo penye kosa langu hasa. Hakuwa amekataa. Alitaka siku mbili tu, na hazikuwa na gharama kwa mtu yeyote. Lakini mimi niliziona siku hizo mbili kama alama nyekundu kwenye hesabu yangu. Kengele ilipolia, na tulipokwisha kusali sala ya Malaika wa Bwana tumesimama, nikamwambia, "Mama, ukingoja, ni kama kusema mwanao anasema uongo." Aliniangalia, akachukua ufagio. Alifagia taratibu, akazoa taka zote kwenye ungo mchakavu, akazipeleka nyuma migombani akazimwaga. Aliporudi alikung'uta mikono, akasema, "Haya. Amefika."

Nikarudi kambini nimefurahi. Nikawaeleza wenzangu. Nyapara akasema kumbe mafundo yangu yana kazi.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Dada hakujua kuandika. Aliandikiwa na mtu kwa Kiswahili, na mama Kiswahili alikijua cha sokoni tu, kwa hiyo mimi nilisoma kimoyomoyo mstari kwa mstari na kumwambia kwa Kihangaza, lugha yetu. Tulikaa uani. Salamu, nikamwambia zote. Kisha barua ikasema waliondoka Mwanza asubuhi jua limetoka. Nikamwambia. Ikasema mtoto alitapika mapajani mwa dada, na memsahibu naye akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe, lakini yeye dada hakutapika. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Ndani ya kofia," akasema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha jicho langu likaenda mstari wa chini.

Ulisema: walishuka Tabora, ndege ikatiwa mafuta, watu wakanywa chai. Wakapanda, wakashuka Dodoma. Hapo wakaambiwa mbele kuna mawingu mazito, ndege haiwezi kupita, wakalala. Walifika Dar es Salaam Jumamosi saa nane mchana.

Mama alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Halafu?" akasema.

"Halafu wakafika salama," nikasema. "Dar es Salaam kuna joto sana."

Niliruka mistari minne. Haikunichukua hata pumzi moja. Usiku nilikaa na karatasi yangu, maana siku zote nikishikwa na hofu mimi hupiga hesabu, nikatafuta alikuwa wapi saa ile ufagio ulipopita. Ndege haikuwa imekaa angani muda mrefu kuliko nilivyosema, pengine ilikaa karibu na ule ule. Lakini saa sita dada yangu alikuwa kati ya Tabora na Dodoma, au yuko chini Tabora ameshika kikombe. Taka zilipomwagika migombani alikuwa na usiku mzima na zaidi mbele yake.

Mimi siamini kwamba taka zinaweza kumwondoa mtu. Nimeliandika hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Siamini. Lakini sikuwa na haki ya kuamua kwa niaba ya mama, wala ya kumchukulia mkononi siku zake mbili.

Meli iliondoka na memsahibu na mtoto. Barua ya pili ilisema dada amepata nyumba nyingine ya kazi pale pale, mshahara mzuri, atakuja mwakani. Ya tatu ilisema ameolewa na mtu wa reli, mtu wa pwani, na kwamba amesilimu. Alituomba tusimkasirikie. Alisema anatukumbuka kila inaponyesha, na kwamba mji ule una watu wengi sana na hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Nilipoisoma nilifikiri nasikia sauti yake, amefurahi. Nadhani hakurudi kwa sababu alipapenda. Angesikia kisa hiki cha taka angecheka na kushika mbavu.

Hiyo barua ya tatu niliisoma yote, kila neno, kana kwamba ukweli unaweza kulipwa nyuma. Mama hakulia. Akaanza kutafuta kosa.

"Taka nilizitupa kwa saa yake," akasema. "Hapo sina kosa. Basi ni wapi?"

Alitafuta siku nyingi, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Mwishowe akapata: hakumsindikiza mpaka mwisho. Aligeukia kijitoni kwa ajili ya maharage, na mvua haikunyesha. Alimtoa mwanawe nusu njia, ndiyo maana mwanawe yuko nusu njia mpaka leo. Kwa akili yake lilinyooka, na baada ya kulipata hakuliachia. Akaanza kuimalizia njia ile. Kila Jumatatu, siku ya lori, aliondoka nyumbani asubuhi, akashuka hadi kijitoni, akapanda upande wa pili, akasimama barabarani pale lori liliposimama, akarudi. Mvua au jua. Mjomba alimwambia, "Dada yangu, unamsindikiza nani? Upepo?" Akajibu, "Namalizia."

Mteremko wa kijito una mawe. Mwaka wa pili goti lake la kulia likaanza kuvimba. Akafunga majani, akaendelea. Nilimpa fimbo, akaichukua. Nilimwambia padre akamkataze, padre akamkataza, naye akasema ndiyo, padre, na Jumatatu akaenda. Nilifanya kila kitu isipokuwa jambo moja lililokuwa mikononi mwangu. Nilijiambia kwamba nikisema nitamwongezea uchungu. Lilikuwa na ukweli kidogo, na nilijificha nyuma ya ule ukweli kidogo kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Kilichobaki ni kwamba niliogopa kuwa mtu aliyekosea.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulikwisha maliza njia ya Ngara nami nilikuwa nyumbani, nikaenda naye. Tuliposhuka hadi kijitoni goti likakataa. Akakaa juu ya jiwe, akanyoosha mguu, akaanza kulikanda. Nilikaa chini, karibu na miguu yake, ili nisimtazame usoni.

"Mama, siku ile hakufika."

"Nani?"

"Dada. Ile Ijumaa ya kengele. Walishuka Tabora wakanywa chai, wakalala Dodoma. Alifika kesho yake, saa nane."

Aliacha kukanda. "Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe. Katika barua ya kwanza."

"Ile ya kofia?"

"Ile ya kofia."

Maji ya kijito yalikuwa kidogo, hayana hata sauti. Nikainua uso. Hakuwa na hasira ninayoijua. Alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mtu aliyepita njia asiye wa kwetu, anajaribu kukumbuka ni mtoto wa nani.

"Ukanisomea kofia mara mbili," akasema, "na Dodoma ukaniachia."

"Ndiyo, mama."

"Ziko nyingine ulizoniachia?"

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Hakukuwa na nyingine hata moja. Lakini nilisikia jinsi lilivyotoka kinywani mwangu, na lilisikika sawasawa na lile "wakafika salama."

Nilianza kumweleza. Nilimweleza ramani na uzi na nta, nilimweleza kwamba hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, kwamba nilichosahau ni vituo tu. Nadhani hata nilitaja zile maili. Alinyoosha mkono akanizuia, si kwa ukali. "Mjomba wako alikuuliza wanapumzika wapi," akasema.

"Aliniuliza."

"Basi." Akashika fimbo, akajiinua. Nilifikiri tunarudi nyumbani, nikageukia upande ule. Yeye akaelekea upande wa barabara.

"Mama, si nimekwisha kukuambia sababu? Si kusindikiza."

"Umeniambia ya pili," akasema. "Ya kwanza haikuondoka. Nilikuwa na moja, sasa ni mbili." Na akapanda mlima, mguu mmoja ukiburutika, mimi nyuma yake nisijue kama nimsaidie au nisimguse.

Nilidhani kukiri kutanitua mzigo, kama kwenye kitubio. Padre alisema nimefanya vema. Lakini mama hakusema chochote tena kuhusu jambo lile, wala hakunikasirikia mbele za watu. Aliniwekea chakula, aliniuliza kama nguo zangu zinataka viraka. Jumatatu zake zikaendelea, mpaka goti lilipomkataza kabisa.

Mwezi uliopita barua nyingine ikaja. Niliipokea mimi kwa mtu wa lori, nikaitambua kwa mhuri, nikaipeleka mbio nyumbani. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Nikavuta kigoda nikakaa, kama siku zote. Yeye akaikunja, akaiweka kwenye pindo la nguo yake, akaomba fimbo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa katekista."

Kwa katekista ni mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye magoti mazima. Nikasema nitamsindikiza. Akasema nibaki niangalie kuku. Baadaye katekista mwenyewe aliniambia, akiona aibu kidogo, kwamba mama alimwekea barua mezani na kusema, "Nisomee yote, baba. Na pale unapoona hapana maana, hapo usome polepole."

Alirudi jua limeanza kushuka. Nilikuwa nimempikia maharage na ndizi. Alikaa, akanyoosha mguu, akala kidogo.

"Dada anasemaje?" nikamwuliza.

"Mzima."

"Na mume?"

"Wazima wote. Anakusalimu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," mama akasema, akaendelea kula. Barua ilikuwa ya karatasi mbili, zimeandikwa pande zote. Nilikuwa nimeipapasa njiani, nikaiinua kwenye mwanga wa jua.